Ampu ya transista iliyotumika na pedali zako: ikilia hivi, shida iko hapa

Hii ni kwa wale wanaopiga gitaa na pedali miguuni, iwe kanisani, kwenye bendi au nyumbani tu, na sasa wanatafuta ampu ya transista (isiyo na valvu, zile taa za kioo) iliyotumika, ile ya kontena kutoka Uingereza au Japani, au ya mtu anayehama nchi, au ile ambayo kanisa linaiuza kwa sababu limeleta mpya. Nimeipanga kwa dalili, yaani unasikia nini halafu tunatafuta inatoka wapi, maana ukishafika dukani muuzaji anakuangalia, kuna mteja mwingine nyuma yako, na hapo huna muda wa kufikiria sana.

Kabla ya yote uelewe jambo moja. Ukiwa na pedali, sauti yako unaitengeneza pale chini. Ampu kazi yake ni kuichukua hiyo sauti na kuitoa kwa ukubwa bila kuiharibu. Kwa hiyo usipoteze muda na distoshoni (sauti ya kukwaruza) ya ndani ya ampu wala zile efekti zake nyingi, sikiliza chaneli ya klini, yaani ya sauti safi isiyokwaruza. Kama klini inabaki klini hata ukiipandisha mpaka ishindane na drama, basi hiyo ampu inakufaa hata kama distoshoni yake ni mbaya kabisa. Roland JC-120 ilitoka 1975, mwaka uleule Afrigo Band ilipoanza hapa Kampala, na mpaka leo watu wanaitafuta kwa ajili ya hiyo klini tu: wati 60 kila upande, spika mbili za inchi 12, na ukimpa mtu wa sebene gitaa na JC unaelewa mara moja kwa nini. Distoshoni yake sijawahi kusikia mtu akiisifu, na haijawahi kuwa shida kwa mtu mwenye pedali.

Unapoenda kuiona, beba gitaa lako mwenyewe, kebo mbili unazoziamini, kawaya kafupi kale ka kuunganisha pedali, pedali moja ya ovadraivu (inayokwaruza sauti kidogo) na moja ya dilei (inayotoa mwangwi), betri mpya ya 9V, na kamita kadogo ka umeme kama unako. Usikubali kupimiwa na gitaa la dukani, utakuwa unapima gitaa lao. Na nenda wakati umeme upo, muuzaji akikwambia umeme umekatika lakini ampu ni nzima, mwambie sawa, utarudi ukiwepo.

Haiwaki, au iliwaka mara moja ikazima

Usiichomeke kwanza. Geuza nyuma usome kile kibandiko karibu na waya wa umeme. Hapa Uganda tuna volti 240 na hezi 50. Ampu nyingi zinazotoka Japani zimeandikwa AC 100V, za Marekani 120V, na hizo ukizichomeka moja kwa moja ukutani kitu cha kwanza kukatika ni fyuzi, kama una bahati. Kama mtu aliyekuwa nayo kabla aliweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa, au alifunga kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, basi kilichoungua ni transfoma, na transfoma ya ampu kuipata hapa ni kazi, mara nyingi unaishia kumwomba mtu akusokotee upya. Kwa hiyo toa fyuzi uiangalie. Fyuzi ikiwa si ile iliyoandikwa nyuma ya ampu, uliza maswali. Harufu ya kuungua pia haijifichi, weka pua karibu na matundu ya hewa.

Plagi isikudanganye. Watu wanakata plagi ya Japani wanafunga ya kwetu ya pini tatu kubwa, ukiiangalia unasema hii ni ya 240, kumbe ndani ni ya 100. Soma kibandiko, na kama kibandiko hakipo achana nayo mpaka fundi afungue aangalie transfoma.

Ampu ya 100V au 120V si lazima uikatae, klini yake inaweza kuwa nzuri sana na bei iko chini kwa sababu watu wanaiogopa. Unanunua transfoma ya kushusha umeme, ila iwe na uwezo angalau mara mbili ya wati zinazoandikwa nyuma kwamba ampu inakula, na uihesabu hiyo kwenye bei. Jua tu kwamba ampu ya Marekani iliyoandikwa 60Hz peke yake, transfoma yake itapata joto zaidi kwenye hezi 50 hata ukiipa volti sahihi. Zile zenye 50/60Hz hazina neno. Nyingine zina swichi ya volti nyuma au nyaya za kubadilisha ndani, hizo fundi anazigeuza kuwa 230 na unasahau mambo ya transfoma.

Kama volti ni sahihi na fyuzi inaungua kila ukiwasha, kuna shoti ndani, mara nyingi transista kubwa za mwisho zimekufa. Fundi anayejua kazi hawashi ampu kama hiyo moja kwa moja, anafunga balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya waya inayotoa joto na siyo ya LED, kwa sirisi na waya wa moto. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, ndani hakuna shoti. Ikibaki inawaka kali, shoti ipo. Ukimwona fundi ana hiyo balbu mezani mwachie ampu yako.

Mngurumo: inalia mmmmm hata hupigi

Hapa ndipo watu wanauza ampu nzima kwa bei ya kutupa na wengine wananunua mbovu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza bila kitu chochote. Toa gitaa, toa pedali, toa kebo yote, washa ampu peke yake na volyumu iwe sifuri. Ampu nyingi tundu la gitaa likiwa tupu linajifunga lenyewe kwenye athi (waya wa ardhi), kwa hiyo inatakiwa iwe karibu kimya, kamzomeo kadogo ka shhhh ni kawaida. Ikinguruma hapo, shida iko ndani ya ampu, sehemu ya umeme au sehemu ya mwisho. Sasa pandisha volyumu polepole. Mngurumo ukipanda pamoja na volyumu, unatoka mwanzoni kabla ya hiyo nobu. Usipobadilika, unatoka baada yake.

Halafu kuna hii njia ambayo mpiga gitaa yeyote anaiweza bila mita. Piga freti ya tatu kwenye uzi mnene wa E. Hiyo ni G, hezi 98. Sasa linganisha na mngurumo. Ukiwa karibu kabisa na hiyo G, umepanda kidogo tu juu yake, unasikia hezi 100, na hezi 100 ni ya kapasita kubwa za kuchuja umeme ndani ya ampu, kwa sababu ampu inatumia nusu zote mbili za wimbi la umeme wetu wa hezi 50, ndiyo unapata mapigo 100 kwa sekunde. Mngurumo ukiwa oktava nzima chini ya hiyo G, mzito wa besi, hiyo ni hezi 50, na mara nyingi inaingia kutoka nje: kebo mbovu, pikapu ya gitaa (ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) ya koili moja iliyo karibu na transfoma, au mambo ya athi. Kwenye spika ndogo ya inchi 8 hezi 50 haisikiki vizuri, ila kwenye inchi 12 utaisikia.

Kapasita zikiwa zimechoka usiogope sana. Zinakauka kwa umri, ampu ya miaka 20 au 30 ni kawaida kabisa, na ni kati ya vitu rahisi vya kubadilisha, fundi yeyote wa redio anazijua. Akiweka mpya ziwe na maikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, kamwe zisiwe za volti chini. Ukiangalia ndani na tochi ya simu utaona kichwa cha kapasita kimevimba au kuna kitu kimevuja chini yake. Angalia kwa macho tu, usiingize vidole, kapasita zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Sasa kama ampu peke yake iko kimya, rudisha gitaa moja kwa moja bila pedali. Bado kimya? Basi weka pedali. Mngurumo ukija hapo ampu haina kosa, ni adapta. Ithibitishe hivi: toa adapta, weka ile betri ya 9V kwenye ovadraivu. Kelele ikipotea umempata mkosaji. Adapta za bei rahisi zilizotengenezwa kwa ajili ya rauta au taa zinatoa mlio mwembamba iiiiii, na ukiunganisha pedali ya dijitali na ya analogi kwenye mnyororo mmoja wa adapta moja huo mlio unaongezeka. Angalia pia miliampea, ovadraivu ndogo inakula chache sana lakini dilei ya dijitali kama Boss DD-8 inataka 65, na zipo zinazotaka 300, ukizijumlisha zikapita kile adapta inachotoa pedali zinaanza kulia, kuzima au kupoteza sauti. Na pini ya katikati iwe hasi kwa pedali nyingi, isipokuwa pedali za fazi (zile za mkwaruzo mzito) za zamani zenye transista za jeremaniamu ambazo nyingi zake zina athi ya upande wa chanya, hizo zipe betri au adapta yake peke yake, usiziweke kwenye mnyororo.

Ukisikia redio ndani ya ampu, mtu anasoma matangazo ya vifo katikati ya wimbo, tena hasa mkiwa upande wa Kololo karibu na ile minara, mara nyingi ni kebo ndefu yenye shildi (ule wavu wa waya unaozuia kelele) iliyokatika au fazi yenye geini kubwa. Badilisha kebo moja moja mpaka ipotee.

Na sasa jambo ambalo naomba mlichukulie kwa uzito. Mngurumo wa hezi 50 unaokuja pale tu mnapounganisha ampu na mixa au laptop, ni athi mbili zinazopishana. Dawa yake ni kuchomeka vitu vyote kwenye ekstensheni moja, au kutumia DI (kiboksi cha kuunganisha gitaa au ampu na mixa) yenye swichi ya kuinua athi. Dawa yake SIYO kukata pini ya athi kwenye plagi ya ampu. Nimeona plagi nyingi za namna hiyo kwenye makanisa yetu, pini imekatwa au waya wa kijani umekunjwa ndani haujafungwa, kwa sababu kelele ilipotea na watu wakafurahi. Siku waya wa moto ukigusa bodi ya ampu, nyuzi za gitaa ndizo zinakuwa na umeme, na mpigaji akiweka mdomo kwenye maiki umeme unapita mwilini mwake. Watu wanakufa hivyo. Kwa hiyo fungua plagi ya ampu unayotaka kununua, ni skrubu moja tu, na kama waya wa athi haujafungwa ufungwe kabla ya kuitumia. Kisha nyumbani au kanisani, weka mita kwenye AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ukiona volti makumi au mamia, hakuna kuimba mpaka fundi wa umeme aje.

Sauti inakatika, inarudi ukiigonga, au inafifia yenyewe

Muuzaji atasema ampu imekufa, atakupunguzia bei. Kabla hujaondoka jaribu hiki kitu.

Kama ampu ina efekti lupu (njia ya kuingiza pedali katikati ya ampu), nyuma kuna matundu mawili yameandikwa Send na Return. Chukua kale kawaya kafupi ka pedali, ncha moja Send, nyingine Return. Sauti ikirudi nzima na imara, umepata ampu nzuri kwa bei ya mbovu. Sababu ni hii: tundu la Return lina kibati kidogo ndani ambacho lupu ikiwa tupu kinapitisha sauti kutoka nusu ya kwanza ya ampu kwenda nusu ya pili. Kikipata kutu na vumbi, na hapa kwetu mvua na vumbi vyote tunavyo, sauti inapita leo kesho haipiti. Unaweza kuiacha na hako kawaya maisha yote ikafanya kazi, au unaingiza jaki na kuitoa mara nyingi ukiwa umepulizia dawa ya kusafishia kontakti. Usipulizie WD-40 ya kawaida, inaacha mafuta na vumbi linarudi kunata.

Ampu ndogo zenye tundu la hedifoni zina ugonjwa huohuo. Ukichomeka hedifoni spika inakatwa na kibati kama kile, kikikwama spika inabaki bubu huku hedifoni inalia vizuri. Kwa hiyo ampu iliyo bubu, sikiliza kwenye hedifoni kwanza.

Ikiwa inakatika ukigusa jaki ya gitaa, tundu lenyewe limelegea kwenye bodi. Ampu nyingi za bei ya kati matundu yake yameshikiliwa na risasi ya kuchomelea tu kwenye bodi, mtu akikanyaga kebo mara kadhaa risasi inapasuka, ufa ni mwembamba kama unywele. Fundi anaishika tena kwa dakika chache. Ikiwa inakatika baada ya kupata joto halafu inarudi ikipoa, hiyo ni risasi iliyopasuka mahali pengine au kifaa kinachochoka, inachukua muda kuitafuta, na hapo mimi napunguza bei sana au naiacha.

Nobu zikilia krrr krrr ukizizungusha, ni vumbi. Dawa ileile. Lisikufanye ukatae ampu.

Ovadraivu yako inalia kama nyuki kwenye chupa

Nyumbani kwenye hedifoni pedali ilikuwa tamu, kwenye ampu inachoma masikio. Hapa watu wanalaumu transista kwa ujumla, wanasema pedali zinataka valvu, na mimi sikubaliani.

Kwanza angalia uko chaneli gani. Ovadraivu ikiingia kwenye chaneli ya distoshoni ya ampu ya transista, distoshoni mbili zinapigana. Nenda klini, zima swichi yoyote ya kuongeza ukali, weka trebo chini ya nusu, sauti za kati juu ya nusu. Ampu nyingi klini yake imechongwa katikati ili isikike nzuri ikiwa peke yake, kwa hiyo nobu ya kati ndiyo inayorudisha mwili wa pedali.

Pili, huenda unaizidia mwanzoni. Pedali ya busta yenye volyumu juu inatoa sauti kubwa mara nyingi kuliko gitaa, na tundu la ampu ya transista likizidiwa halivunjiki polepole kama valvu, linakata kichwa cha wimbi ghafla, na huo ndio ukali unaousikia. Shusha volyumu ya pedali, pandisha ya ampu. Kama kuna matundu mawili ya gitaa, High na Low au 1 na 2, jaribu la pili, kwenye ampu nyingi linapunguza nguvu inayoingia na pedali zinatulia hapohapo. Hicho kipimo kifanye dukani: busta ikiwa juu kabisa, ampu volyumu chini, klini. Ikikoroga hata kwa volyumu ndogo, mlango wa hiyo ampu ni mwembamba kwa pedali.

Tatu ni spika. Inchi 6 na inchi 8 kwenye kiboksi kidogo hazina besi za kubeba fazi, utapata nyuki tu hata ufanye nini. Fender Champion 20 na Marshall MG15 zina spika ya inchi 8, ni za chumbani na kwa chumbani ziko sawa. Kama unaenda kupiga na drama tafuta inchi 12. Peavey Bandit ina inchi 12 moja, Fender Frontman 212R na Champion 100 zina mbili, na hizi ukizikuta nzima kwa bei nzuri usifikirie mara mbili. Orange Crush Pro pia inapokea pedali vizuri. Ampu za dijitali kama Roland Cube za baadaye na Boss Katana nazo ni za transista, unachagua ile klini yake, kwenye Cube imeandikwa JC Clean, na unazima mengine yote. Shida yake moja ni kwamba zikifa bodi ya dijitali fundi wa kawaida hawezi kukusaidia, wakati Bandit ya zamani anaifungua na kuitengeneza na vifaa vya soko.

Klini inavunjika ukipandisha, haishindi drama

Usihesabu wati peke yake. Kutoka wati 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu, masikio yanasikia imeongezeka kidogo. Spika iliyoandikwa desibeli 100 kwa wati moja dhidi ya ile ya 97 inakupa ongezeko hilohilo bila kubadilisha ampu. Kwa kanisa lenye drama za kweli mimi nasema wati 60 na inchi 12, chini ya hapo utaiweka maiki mbele.

Kama ampu ya wati nyingi inakoroga mapema, angalia spika iliyowekwa. Watu wanabadilisha. Ampu iliyopimwa kutoa wati 100 kwenye omu 4, ukiiwekea spika ya omu 8 inatoa wati pungufu, haiharibiki ila imepoa. Kinyume chake ndicho kibaya, omu 2 kwenye ampu ya omu 4 inaua transista. Toa waya wa spika upime na mita, spika ya omu 8 inasoma kama 6 au 7, ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri au haisomi kabisa, imekufa.

Halafu bonyeza koni ya spika taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande mbili kwa usawa. Ikienda laini iko nzima. Ukisikia khrr khrr, koili inakwaruza, na kwa pedali ya fazi kila noti ya besi itakuwa na uchafu ambao hutajua unatoka wapi.

Dilei na riverbu: zimezama, au ampu imekuwa dhaifu

Ukipata uzito kwa distoshoni ya ampu yenyewe, dilei mbele inageuka uji, iweke kwenye lupu. Lakini kama uzito wako wote unatoka kwenye pedali na ampu iko klini, huna haja ya lupu, panga ovadraivu kwanza, korasi, kisha dilei, kisha riverbu, yote mbele, na ampu isiyo na lupu kabisa inakutosha. Nasema hivi kwa sababu naona watu wanaacha ampu nzuri za zamani eti hazina lupu.

Ukitumia lupu na sauti ikashuka au pedali ikaanza kukoroga, ni viwango havilingani. Lupu nyingine zinatoa nguvu ya vifaa vya studio, pedali za gitaa zinazidiwa. Tafuta swichi nyuma, kwenye JC-120 imeandikwa +4 na -20, kwa pedali tumia -20. Na kama ukiweka dilei sauti ya gitaa inakuwa nyembamba kama imetobolewa, huenda lupu ni ya sambamba, ile inayochanganya sauti kavu na ya pedali. Hapo dilei iwekwe itoe sauti ya mwangwi peke yake, na kama haiwezi, irudishe mbele.

Inapata joto na kuzima, au spika inasukumwa nje

Ukiwasha, mshindo mdogo pop ni kawaida. Koni ya spika ikiruka mbele au nyuma na kubaki huko, zima hapohapo. Umeme wa DC unaingia kwenye spika, transista za mwisho zimeungua, na ukiacha sekunde kadhaa unaunguza na spika. Fundi anapima kwenye waya wa spika ikiwa imetolewa, milivolti makumi machache si kitu, volti kamili ni transista.

Inayozima baada ya nusu saa na kurudi ikipoa inajilinda na joto. Angalia feni kama ina feni, mara nyingi imejaa vumbi na nywele, haizunguki. Angalia ile chuma yenye mapezi nyuma, kama imebanwa ukutani au imefunikwa kitambaa cha madhabahuni. Angalia omu za spika kama nilivyosema. Ikibaki hivyohivyo, fundi afungue transista apake upya ile krimu nyeupe ya kupitisha joto.

Na mkiwa na jenereta, ampu ichomolewe kabla ya kuiwasha na kabla ya mafuta kuisha, jenereta ndogo zinarusha volti pale zinapoanza na zinapokufa. Stabilaiza nzuri kwa sehemu ambazo umeme unapanda na kushuka nayo inalipa, hasa kwa ampu za dijitali. Duka likiwa na wasiwasi wa kukuachia uipige nusu saa nzima kwa sauti ya kanisani, muombe muuzaji akupe hata siku mbili za kuirudisha, aandike kwenye risiti, na ukiifikisha nyumbani iache iwake ukipiga klini kwa sauti kubwa mpaka ipate joto kabisa kabla hizo siku hazijaisha.